Mishahara, Zamu na Wagonjwa wa Eastlands

Kati ya mwaka 2003 na 2005, watafiti wa shirika la APHRC walifuatilia vifo vya akina mama katika mitaa ya Korogocho na Viwandani, eneo la Eastlands jijini Nairobi, wakapata kiwango cha vifo 706 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ukisikia idadi kubwa namna hiyo utadhani wanawake wale walijifungulia vyumbani mwao kwa kukosa hospitali. Sivyo. Utafiti mwingine katika mitaa hiyo hiyo ulionyesha kwamba wanawake wapatao 70 katika kila 100 walijifungulia katika kituo cha afya cha namna moja au nyingine, lakini ni 48 tu waliofika kwenye vituo vyenye wahudumu wenye ujuzi unaotakiwa. Wale 22 waliobaki katikati walitembea, walilipa, walilazwa, na bado hawakumpata mtu waliyemwendea. Tangu wakati huo mengi yamebadilika Eastlands, lakini pengo hilo halijaacha kutufundisha jambo ambalo mijadala yetu ya afya hulikwepa: mgonjwa hatibiwi na jengo. Anatibiwa na mtu, na hali ya mtu huyo, yaani ana wagonjwa wangapi mikononi, amelipwa lini, amelala saa ngapi, anafanya kazi kwa hofu au kwa utulivu, ni sehemu ya tiba yenyewe sawa na dawa na hewa ya oksijeni. Tumezoea kuzungumzia maslahi ya wahudumu wa afya kama zawadi ya kutolewa pesa zikibaki. Nadai kwamba hiyo ndiyo kasoro kubwa ya jinsi tunavyopanga huduma upande huu wa Nairobi.

Majengo, kwa haki, yameongezeka. Pumwani imekuwa ikipokea watoto tangu mwaka 1926 na bado ndiyo hospitali kubwa ya uzazi nchini. Mama Lucy Kibaki ilifunguliwa kuwapunguzia watu wa Umoja, Kayole, Komarock na Dandora safari ya kwenda Hospitali ya Kenyatta. Idara ya NMS, iliyoundwa Machi 2020 kuendesha baadhi ya kazi za kaunti, ilianzisha mradi wa hospitali 24 katika mitaa ya mabanda, na Korogocho nayo ikapata hospitali ya Mama Margaret. Hakuna mkazi atakayesema haya ni mabaya. Ila jengo lina jiwe la ufunguzi lenye jina la kiongozi na tarehe, nayo orodha ya zamu haina. Kuta hugharimiwa mara moja na kupigwa picha. Muuguzi hugharimiwa kila mwezi kwa miaka 30 na hakuna anayemzindua. Ndiyo maana tuliweza, Juni 2013, kutangaza kwamba akina mama watajifungua bure katika hospitali za umma, uamuzi mwema kabisa, bila kwanza kuuliza ni mikono mingapi itawapokea. Akina mama walimiminika, vitanda vikatumiwa na wawili wawili, na mzigo wote wa ahadi ile ukaangukia watu wale wale waliokuwa zamu siku iliyotangulia.

Tuuchukue mzigo huo na kuupima pale ulipo, katika chumba cha kujifungulia, usiku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila baada ya dakika 15 hadi 30 mama akiwa katika uchungu, na kila dakika tano anapoanza kusukuma. Kusikiliza peke yake ni dakika nzima. Ongeza kumweka mama vizuri, kuitafuta sehemu mapigo yanaposikika, kuandika kwenye patografu (chati ya kufuatilia uchungu), kunawa mikono na kuhamia kitanda kinachofuata. Ukifanya haraka sana ni dakika tano. Mkunga mwenye akina mama wanane basi ana kazi ya dakika 40 ndani ya kila nusu saa, kabla mmoja hajaanza kuvuja damu, kabla mwingine hajahitaji kukimbizwa kwenye upasuaji, kabla yeye mwenyewe hajanywa maji. Hesabu hiyo haibadiliki kwa wito wala kwa moyo wa kujitolea. Matokeo yake yameandikwa na tafiti nyingi za Afrika Mashariki: patografu hujazwa baadaye, mtoto akishazaliwa, kwa kukumbuka na kukisia. Fomu imejaa na hakuna aliyesikiliza. Mtoto anapotoka hana nguvu na halii, wazazi huambiwa kwamba amechoka, na ni kweli, lakini pengine moyo wake ulianza kulegea saa mbili kabla, wakati ambapo upasuaji ungemwokoa.

Kwa watoto waliokwisha kuzaliwa, Nairobi ina ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 2017 na 2018, watafiti wa mpango wa KEMRI na Wellcome Trust walikaa katika wodi za watoto wachanga za hospitali kadhaa za jiji, za umma na za kibinafsi, wakitia alama kila kazi ya uuguzi iliyofanywa na kila iliyorukwa. Waliona kwamba kadiri muuguzi alivyoachiwa watoto wengi ndivyo kazi nyingi zilivyopotea njiani, na kwamba muuguzi wa hospitali ya umma alikuwa na watoto mara kadhaa zaidi ya mwenzake wa hospitali ya kulipia. Sindano mara nyingi hutolewa kwa sababu ina saa yake na alama yake kwenye chati. Kinachoponyoka ni kuangalia: kupima joto, kuhesabu pumzi, kuona rangi ya ngozi imebadilika. Kulisha kwa mrija na kubadilisha nepi huachiwa akina mama, wengine wakiwa na siku mbili tu tangu wapasuliwe. Wauguzi hawaruki kazi hizi ovyo. Hupanga kimyakimya nani anahitaji macho zaidi na nani anaweza kusubiri, na mara nyingi hupanga vizuri, lakini huo ni mpango wa uhaba, na mtoto aliyewekwa upande wa kusubiri hana njia ya kusema kwamba hali yake imegeuka. Wenzetu wa mbali wamefika mahali pa kuweza kutaja gharama yake. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake katika hospitali 300 za nchi tisa za Ulaya, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2014, ulipata kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi huongeza kwa asilimia 7 uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30. Mgonjwa mmoja tu. Katika wodi zetu hatuongezi mmoja.

Kuna upande mwingine ambao wakazi wa Eastlands huulalamikia kuliko wote, nao ni ulimi. Ukiuliza Jericho, Huruma au Pipeline kwa nini mama fulani alipendelea kwenda kwa zahanati ya ghorofani yenye mhudumu asiye na cheti, mara nyingi jibu si bei. Ni kwamba kule hawakumtusi. Ripoti ya mwaka 2007 ya FIDA Kenya na shirika la Center for Reproductive Rights iliandika matusi, makofi na kupuuzwa ambavyo wanawake walikutana navyo katika hospitali zetu, Pumwani ikitajwa mara kwa mara. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba haki za wanawake wawili waliozuiliwa Pumwani kwa kushindwa kulipa bili zilivunjwa. Ukisoma kesi hiyo kwa makini unaona pia mfumo ulivyomgeuza muuguzi kuwa askari wa deni, kazi ambayo hakusomea na ambayo haiwezi kukaa pamoja na upole. Mradi wa Heshima, uliochunguza unyanyasaji wa akina mama katika hospitali 13 nchini, ulipata kwamba mmoja katika kila watano alidhalilishwa kwa namna fulani. Ninachokithamini katika mradi huo ni kwamba haukuishia kwenye mahubiri. Pamoja na kuwafunza wahudumu haki za mgonjwa na kuwafungulia akina mama wodi waje wazione kabla ya siku yao, uliwapa wahudumu wenyewe ushauri nasaha, ukawapa nafasi ya kusema juu ya watoto waliowafia mikononi na usiku waliokuwa peke yao. Udhalilishaji ukashuka kutoka asilimia 20 hadi 13. Siwezi kudai kwamba ushauri nasaha pekee ndio ulioleta nafuu hiyo. Lakini waliobuni mradi walitambua kwamba anayezaba kofi naye ana historia ndani ya wodi ile, na kwamba ukitaka mkono ushuke ni lazima uiguse historia hiyo.

Halafu kuna mshahara, na hapa nataka kutenganisha vitu viwili ambavyo hujadiliwa kama kimoja: kiasi na siku. Kiasi kinajulikana kwa kelele zake. Mkataba wa pamoja wa madaktari uliotiwa saini 2013 haukutekelezwa, ukazaa mgomo wa siku 100 kuanzia Desemba 2016. Wauguzi wakafuata mwaka 2017 kwa mgomo wa miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, kisa kikubwa kikiwa madaktari wanagenzi ambao mkataba wa 2017 uliwapa shilingi 206,400 kwa mwezi na serikali ikataka kuwalipa 70,000. Hospitali kama Mama Lucy hutegemea sana wanagenzi hao. Ndio mara nyingi mgonjwa wa usiku huwaona kwanza. Kiasi ni muhimu, lakini siku ya malipo humgusa mgonjwa haraka zaidi. Tangu kaunti zilipokabidhiwa huduma za afya mwaka 2013, mshahara umekuwa ukingojea pesa zitoke Hazina ya Taifa, na zikichelewa, kila mtu hujipanga kivyake. Kodi ya nyumba ya Donholm au Umoja haichelewi, karo haichelewi. Muuguzi hukopa kwa simu, kisha hutafuta kibarua cha muda (lokamu) katika kliniki ya kibinafsi ili alipe mkopo, na anapoingia zamu ya usiku ya serikali huwa ametoka kwenye zamu ya mchana ya mtu mwingine. Dozi ya mtoto wa kilo mbili inahesabiwa kwa desimali. Kosa la nukta moja kwenye hesabu hiyo ni mara kumi, na mkokotoaji ana saa 20 bila usingizi. Uchovu huu umezaliwa na tarehe, wala si wa uvivu. Desemba 2020 nchi iliomboleza daktari wa miaka 28 aliyeuawa na COVID-19 akihudumia wagonjwa wa ugonjwa huo huo, huku akidai mishahara ya miezi kadhaa. Waliobaki kazini waliusoma ujumbe wa kifo chake vizuri.

Pingamizi la kwanza ni la haki na linauma: wanaodai maslahi kwa ajili ya mgonjwa ndio hao hao wanaomwacha mgonjwa wanapogoma. Septemba 2020 video ya mama akijifungua nje ya lango la Pumwani, wafanyakazi wakiwa katika mgomo, ilizunguka nchi nzima, na hakuna hoja ya mkataba inayoweza kuifuta. Mgomo wa hospitali ya umma humwumiza asiye na bima wala akiba, yaani jirani wa muuguzi mwenyewe. Baadhi ya watetezi wa migomo hutaja utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2019, uliopima migomo sita ya kati ya 2010 na 2016 na kutoona ongezeko la jumla la vifo, isipokuwa kwa watoto wa mwaka mmoja hadi wasiofika mitano. Mimi siusomi kama kibali. Kwanza, watoto hao si wa kupitwa kwa koma. Pili, ikiwa wodi zinaweza kufungwa kwa majuma na jumla ya vifo isisogee sana, swali linalofuata ni zilikuwa zikiokoa wangapi siku za kawaida, zikiwa wazi lakini na muuguzi mmoja. Mgomo hutushtua kwa sababu una tarehe ya kuanza na kamera langoni. Mgomo mwingine, wa kazi zinazorukwa kila usiku kwa kukosa mikono, hauna tangazo wala notisi ya siku saba, nao ndio mrefu zaidi. Anayetaka kuzuia ule wa kwanza hana budi kuushughulikia huu wa pili. Serikali kwa upande wake imejifunza kuvunja mikataba kwa kuwa mahakama humkamata anayegoma kwa haraka kuliko anayekataa kulipa: Februari 2017 viongozi wa chama cha madaktari KMPDU ndio waliopelekwa jela.

Pingamizi la pili husema kwamba tabia ni ya mtu, hailetwi na mshahara. Linaegemea ukweli. Mwaka 2020 kipindi cha uchunguzi cha BBC kilimwonyesha mfanyakazi wa Mama Lucy akiuza mtoto kwa shilingi 300,000, na mahakama ikamtia hatiani mwaka 2023. Hakuna malimbikizo ya mshahara yanayoeleza jambo kama hilo, na ningekuwa namtukana kila muuguzi mwaminifu wa Eastlands nikijaribu kulieleza hivyo. Jinai ishughulikiwe kama jinai. Lakini angalia jinsi tunavyochukua njia hiyo hiyo hata mahali ambapo kasoro ni ya mpangilio. Septemba 2018 gavana wa wakati huo, Mike Sonko, aliingia Pumwani bila taarifa na kukuta maiti 12 za watoto wachanga ndani ya maboksi. Nchi ilighadhibika, wasimamizi wakasimamishwa kazi, nasi tukahisi kwamba jambo limefanyika. Tuliwajua waliosimamishwa kwa majina. Mjadala haukudumu vya kutosha kuuliza wiki ile kila muuguzi wa watoto alikuwa na wangapi. Kumwadhibu mtu hakuongezi mtu kwenye zamu ya kesho. Hata kunapokuwa halali, humpunguza.

La tatu ni pesa. Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, na afya ndiyo idara inayomeza wafanyakazi wengi. Wanaosema hazina haitoshi hawadanganyi. Hata hivyo, kikomo hicho kinamhesabu mkunga na karani wa ofisi ya siasa kwa kipimo kimoja, na hakuna kinachoilazimisha kaunti kuanza kupunguza kwa mkunga. Tena hatuna uhaba wa watu waliosoma. Mwaka 2021 Kenya iliweka mkataba na Uingereza wa kupeleka huko wauguzi wetu wasio na kazi. Hebu tafakari: tunao wauguzi wa kutosha kuwapa wengine, na hatunao wa kutosha Kayole. Kinachokosekana ni nafasi za kuajiriwa, na nafasi ni uamuzi wa bajeti. Hata gharama ya kutoamua inalipwa, ila na mifuko mingine: ya mama anayelipia taksi usiku kwenda hospitali ya tatu, ya familia inayomlea maisha yake yote mtoto aliyekosa hewa akizaliwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kaunti imekuwa ikiuona huu kuwa mwepesi kwa kuwa hauingii kwenye vitabu vyake.

Mfano mpya kabisa wa kosa la zamani ni wahudumu wa afya wa jamii. Septemba 2023 Rais alizindua mpango wa kuwapa vifaa wahudumu 100,000 nchi nzima, kila mmoja na nyumba zipatazo 100 za kutembelea, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Hiyo ni kama shilingi 166 kwa siku. Pipeline na Kayole nyumba 100 ni ghorofa kadhaa za orofa sita na saba zisizo na lifti, na anayezipanda ni mara nyingi mwanamke anayeuza mboga jioni ili siku ikamilike. Yeye ndiye anayejua nani ameacha dawa za shinikizo la damu, mjamzito yupi hajaenda kliniki, mtoto yupi anakohoa tangu wiki jana. Posho ikichelewa, anachopunguza ni ngazi. Orofa ya tano na ya sita hutoka kwenye ratiba, na huko ndiko kodi huwa nafuu na wakazi huwa maskini zaidi. Wasimamizi wataona takwimu za ziara zikishuka, wataandaa semina ya kuhamasisha.

Ninalopendekeza ni dogo kuliko mkataba mpya wa vyama, na linaweza kuanza kabla yake. Hospitali za umma nchini hutakiwa kuwa na ubao wa huduma langoni, wenye orodha ya huduma, ada na muda wa kusubiri. Pumwani, Mama Lucy na vituo vya Dandora, Kayole, Umoja na Bahati viongeze humo mistari miwili inayobadilishwa kila zamu: wahudumu wangapi wako wodini na wagonjwa wangapi wanawahudumia. Kila mwisho wa mwezi uongezwe wa tatu, tarehe mishahara na posho zilipolipwa. Kuna watakaohofu kwamba mistari hiyo itawatisha wagonjwa au kuwachochea dhidi ya wauguzi. Naona kinyume: mama anayesoma kwamba mkunga ni mmoja na waliolazwa ni tisa anaelewa kwa nini hajaitwa, na anajua hasira yake aipeleke wapi. Takwimu hizo zikusanywe kwa miezi 12, wadi kwa wadi, na zifikishwe kwa wawakilishi wadi wa Eastlands kabla hawajapitisha bajeti ya kaunti mwezi Juni, ili atakayepiga kura ya kujenga wodi nyingine aonyeshe, kwenye ukurasa huo huo, nafasi za wauguzi watakaoingia ndani yake na fungu litakalowalipa.